Kitako cha Murembe

Mafuta ya kondoo yakikaa muda mrefu juu ya chuma hutoa harufu ambayo sijaipata mahali pengine, na nimepita mahali pengi. Si harufu ya chakula, wala si uvundo. Ni kitu kizito chenye kutu, moshi na mnyama ndani yake, na kikishakuingia kooni hakitoki upesi. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya jikoni kwetu, chini ya mlima, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kitale. Juu darini, kati ya magunzi ya kuwashia moto na mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa yakauke kwa moshi, lililala gobore la babu, bunduki ya kale ambayo baruti na gololi hushindiliwa kupitia mdomoni kwa fimbo ya chuma iitwayo mdeki. Lilikuwa refu kuliko mama. Mimi nilikuwa mtoto wa kutotulia, wa kupanda, kushuka na kuuliza. Nililipandia mara nyingi kuliko walivyojua, nikaweka jicho kwenye mdomo wa mtutu nione mwisho wake uko wapi. Sikuona kitu. Nilishuka na pua nyeusi, mama akajua, nikachapwa, na kesho yake nikapanda tena.

Babu alikuwa ametoka Sirisia kuja kuugulia kwetu, akaja na gobore lake, akafia mikononi mwa mama. Baba hakuwepo. Alikuwa Webuye kwenye kiwanda cha karatasi, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi tu, tena si kila mwezi. Matanga yalipokwisha, kaka yake mkubwa, baba mkubwa Wanyonyi, alisimama mbele ya watu akasema gobore ni lake, kwamba mzee alimwahidi zamani wakiwa wawili machungani. Mama akainuka na leso yake kichwani akasema hapana. Mzee alitamka kabla ya kukata roho kwamba libaki kwa baba Nekesa. Nekesa ni mimi. Watu walitazamana. Maneno ya machungani yana uzito, lakini maneno ya mwisho ya mtu yana uzito zaidi, na aliyeyasikia alikuwa mmoja tu. Baba mkubwa alirudi Sirisia mikono mitupu, na kwa muda mrefu hatukupata salamu zake.

Mwaka uliofuata nguruwe mwitu walitugundua. Walikuwa wakilala kwenye kichaka kando ya mto, na mahindi yalipoanza kubeba walikuwa wakiingia shambani giza likiwa bado halijaondoka na kutoka kukipambazuka. Hawakula kama mnyama mwenye njaa. Waliangusha mstari mzima, wakang'ata hindi hili, wakaliacha, wakaenda kwa lile. Tulipiga madebe, tukawasha moto, mama akafunga matambara kwenye miti yakae kama watu. Nguruwe walizoea madebe kama sisi tulivyozoea jogoo. Kila asubuhi mama alitembea shambani akihesabu hasara kimya kimya, nami nyuma yake nikiruka mabua yaliyolala, nikijua anachowaza kwa sababu alikuwa ametuambia waziwazi: mahindi yakiisha, tunafunga mizigo na kwenda kuishi Sirisia, kwenye boma la baba mkubwa, chini ya mkono wake. Shamba hilo lilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho hakuna mtu aliyekuwa amemwazima.

Ndipo akalishusha gobore. Aliliinua begani, na mdomo wa mtutu ukaenda chini wenyewe kama ng'ombe anayetafuta majani. Akaliinua tena, ukashuka tena. Kitako kilikuwa cha mti mgumu wa mlimani, kimefungwa pete za chuma, kimechongwa kwa ajili ya mwanamume mrefu mwenye mikono ya kulima na jembe la ng'ombe. Mama alikaa chini akacheka, kisha akaacha kucheka. Mkono mtupu haulambwi, alisema, tutaona. Keshoye tulilifunga kwenye gunia, tukaweka kuni juu ili lionekane mzigo wa kuni, tukashika njia ya Kitale.

Huko Tuwan, nyuma ya nyumba za kupanga, aliishi fundi Gitau, mzee aliyekuja na watu wake kutoka Mkoa wa Kati wakati mashamba ya wazungu yalipogawanywa. Alichonga vitanda, mipini, mizinga ya nyuki, na, kwa waliomjua, vitako vya bunduki. Siku hizo magobore ya namna hiyo yalikuwa bado yamelala kwenye madari mengi na watu hawakuulizana sana. Alilipima la kwetu kwa kulilaza juu ya kidole kimoja, akitafuta mahali litakapotulia bila kuegemea upande wowote. "Mama Nekesa," akasema, "hii ni jeneza, si bunduki. Mzee wako alikuwa anabeba hii akitafuta nini, ndovu?" Mama akasema nguruwe. "Basi tuipunguze. Mtutu nikate hapa mbele, na kitako nitoe yote, niweke mti mwepesi. Si wewe ni mfupi, bana?" Alichukua kamba ya katani akampima mama kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kidole cha kufyatulia, akafunga fundo hapo. Akampima pia kutoka begani hadi kwenye taya, ili anapolaza shavu jicho lifike lenyewe juu ya mtutu, asilitafute. Nilisimama katikati yao nikiuliza kila kitu, mpaka fundi akanipa kipande cha msasa nikae.

Tulipolifuata lilikuwa tayari, jeupe kitakoni kama ugali, fupi, la kupendeza. Mama alilishika kwa mkono mmoja. Fundi alimfundisha kwamba bunduki nyepesi humrusha mpigaji nyuma kuliko nzito, kwa hiyo kipimo cha baruti cha babu asikitumie tena. Alimchongea kingine kidogo kutokana na ncha ya pembe. Mdeki nao aliukata, akautia alama kwa kisu: ukishindilia na alama ikabaki juu ya mdomo wa mtutu, umezidisha, toa uanze upya. Mama alirudia kila neno. Nilikuwa sijawahi kumwona akifurahi hivyo. Nami, kwa kuwa kuuliza si ujinga, nikauliza swali la mwisho: huu ni mti gani?

"Huu? Ule wa maua mekundu, wenye miiba kwa gome. Natengeneza nayo mizinga. Iko mwepesi kabisa."

Mama aliliweka gobore chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Kwetu mti huo ni murembe, na hauchongwi. Hauwi kuni wala kiti. Watu wawili wakikataana, mmoja akisema shamba ni langu na mwingine akisema hapana, hupelekwa kwenye murembe wauguse, na anayeugusa akiwa na uongo moyoni hafiki mbali. Akifika, watoto wake hawafiki. Fundi hakuwa na kosa. Alikotoka yeye, mti huo ni mti wa nyuki. Lakini mama alikuwa Mbukusu, na bunduki hailengwi ila kwa kulaza shavu juu ya kitako. Alimshukuru fundi, akalifunga kwenye gunia bila kugusa mbao, akashika mtutu tu. Njiani nilijiuliza kwa nini mtu mkweli kama mama aogope mti, na swali hilo nililiogopa, nikakimbia mbele nikirusha mawe.

Gobore lilikaa pembeni ya nyumba ndani ya gunia lake, na nguruwe wakaendelea kula. Hizo ndizo siku ninazozikumbuka kuliko zote, na bado zinaniwasha miguuni. Sikuweza kukaa. Shuleni nilitoroka kabla ya saa nne nikaja kuchungulia kama gunia limefunguliwa. Mama aliamka, akaenda mlangoni, akasikiliza mabua yakivunjika, akarudi, akakaa, akasimama. Upande wa mto ulikuwa umekwisha kabisa. Nilimwambia tununue kitako kingine. Akasema fundi hafanyi kazi kwa majani. Nilimwambia amwite jirani apige, akanitazama akasema, "Nani atakubali? Wewe ungekubali?" Nilifikiria uongo wangu wote, nikatoka nje.

Habari husafiri. Baba mkubwa Wanyonyi alipata kusikia kwamba gobore la baba yao limekatwa mdomo kama mbuzi wa kuchinjwa, akatoka Sirisia. Alifika jioni, amevaa koti la mvua na hasira. "Ati mwanamke amekata bunduki ya mzee!" alisema kabla ya kukalia kiti. "Shemeji, wewe ni mtu wa namna gani? Unataka kuzaa watoto wenye mikia? Kesho mimi naenda nayo." Mama alimpa maji ya kunawa, akampa kuku, akampa kitanda changu. Alisema neno moja tu: "Sawa. Kesho tuongee nayo ikiwa hapo."

Kulipoanza kupambazuka nguruwe walikuwa wameingia. Mama alilitoa gobore kwenye gunia akiwa amelishika mtutuni, akalishindilia uani, alama ya mdeki ikazama mahali pake. Fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, ikamponyoka, nikaiokota. Baba mkubwa alitoka akifunga mkanda, akanyoosha mkono.

"Chukua," mama akamwambia. "Lakini ujue kwanza. Kitako ni murembe. Fundi ni Mkikuyu, hakujua. Kama mzee alikuahidi machungani, ichukue, laza shavu, piga hawa wanaokula chakula cha watoto wa ndugu yako, halafu nenda nayo Sirisia. Sitasema kitu tena."

Mkono wa baba mkubwa ulibaki hewani. Aliutazama ule weupe wa mbao. Shambani bua lilivunjika, kisha jingine. Polepole aliutia mkono mfukoni, kama mtu aliyekumbuka kuna baridi. "Na wewe?" akauliza, sauti ikiwa imepungua. "Wewe ulisema maneno ya mwisho."

"Mzee hakusema kitu," mama akasema. "Alikuwa ananiita jina la mama yake, anaomba maziwa. Bunduki hakuitaja. Mimi nilitunga, kwa sababu nilimwosha miezi yote hiyo na nyinyi hamkuja. Sasa nimesema. Mtoto huyu ni shahidi."

Hakungoja jibu. Aligeuka, akapiga goti kwenye ukingo wa shamba, akalaza shavu juu ya murembe. Akafumba jicho moja. Lile shavu ninaliona hata leo, limekandamizwa, midomo imejikunja upande, mama yangu amekuwa mtu nisiyemjua. Gobore likalia. Moshi ulitumeza, na ulipopungua mama alikuwa amelala chali kwenye matope, leso imetoka, akishika bega na kumwita mama yake, "Mayi wee, mayi wee," na nguruwe mmoja mkubwa alikuwa akipiga miguu kati ya mabua. Wengine walipasua kichaka mpaka ng'ambo ya mto. Baba mkubwa akasema, "Hii inarusha, bana," akaenda akamwinua.

Hakulichukua. Alikaa siku kadhaa akatusaidia kuziba mapengo ya ua kwa miiba, na siku ya kuondoka alimwambia mama, bila kumtazama, kwamba machungani palikuwa na maongezi mengi, na mtu husahau lipi lilisemwa na lipi lilitamaniwa. Nusu ya mahindi ilipona, ikatosha. Hatukwenda Sirisia. Baada ya hapo uwindaji ulipigwa marufuku, chifu akaita magobore yote, na mama akalipeleka mwenyewe, akiwa amelishika kitakoni.

Mimi niliacha shule darasa la sita na tangu wakati huo sijatulia. Nimepikia watu wanaojenga barabara, nimeuza ndizi Bungoma stendi, nimefua nguo za wageni Kitale. Kila ninapofika nakuta watu wanagombania ardhi ya marehemu. Nimekaa kwenye benchi za mahakama nikiwatazama wakiinua mkono wa kulia na kusema waziwazi mambo ambayo kijiji kizima kinajua hayakutokea, kisha wanashuka, wanakunywa chai. Mirembe inakatwa, nimeona imepangwa kando ya barabara ya Webuye pamoja na kuni nyingine, na wapita njia wanauliza kama inawaka vizuri. Kwa miaka mingi nilikuwa na hotuba yangu juu ya jambo hili. Nilisema zamani watu walikuwa wakweli, sisi tumeoza, na mfano wangu ulikuwa mama.

Mwezi uliopita nilipita kumwona. Kile kichaka cha mtoni sasa ni nyumba za mabati, na mtoto wa jirani alikuwa akifua sare ya shule palepale nguruwe walipokuwa wakilala. Mama amezeeka, lakini bado analima. Tulikuwa tukipukuchua mahindi, nikamwambia hotuba yangu. Aliisikiliza hadi mwisho, vidole vikiendelea. Nikamwuliza: kama nguruwe wasingekuja mwaka ule, ungemwambia baba mkubwa ukweli lini?

"Nimwambie kwa nini?" akasema. "Ningekufa nao. Tena ningekufa vizuri tu."

Akatupa gunzi kwenye kikapu, akachukua hindi jingine. Tangu siku hiyo sijarudia hotuba ile. Nikikaa kwenye benchi la mahakama sasa, namtazama mtu anayeapa na kujiuliza jambo moja tu: huyu shambani kwake kumeingia nini.