Madoa Meusi Kwenye Ramani

Mdogo wangu alipokuwa akipofuka, mimi nilikuwa natengeneza kompyuta. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa namna nyingine, limekataa.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kutuletea kompyuta za mtumba. Nilikuwa karani, nina cheti cha kozi ya wiki sita na majivuno makubwa kuliko cheti chenyewe. Nilinunua moja, nikaiweka sebuleni kwetu, mtaa wa Kikuyu. Mama akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio na televisheni, maana vumbi la Dodoma halipigi hodi. Mdogo wangu alikuwa na kisukari tangu utotoni, na siku nyingi alishinda nyumbani. Mchezo wa vita, wa kujenga ngome na kupanga majeshi, ndio ulikuwa starehe yake pekee.

Haukupita muda picha zikaanza kuharibika. Wapanda farasi waligeuka vipande vya kijani, mto ukakatika mistarimistari. Nikapunguza rangi, nikapunguza ukubwa wa picha, nikafuta programu ya kadi ya picha na kuiweka upya. Wapi. Jumamosi moja nikagusa mgongo wa kompyuta, nusura uniunguze. Kumbe mama alikuwa akikunja kitambaa upande wa mbele tu ili kijana acheze, na nyuma kimeziba matundu ya hewa. Nikakivua, mashine ikapoa, picha zikatulia. Nilitamba wiki nzima.

Yeye akasema bado. Kuna madoa meusi kwenye ramani, kama masizi, yanahama kila anapohamisha macho. Nikakaa pale mwenyewe, sikuona hata moja. Akasema anayaona hata kompyuta ikizimwa. Nikamjibu kwamba ni kwa sababu ya kukodolea kioo kutwa, nikaweka tena programu ileile, kwa hasira. Aliporudia mara ya tatu nikamwambia, mbele ya mama, "Ukishindwa vita unasingizia skrini."

Hakulalamika tena, nami nikahesabu kwamba kazi imekwisha. Alicheza uso wake umekaribia kugusa kioo. Kisha akaacha kabisa kucheza, nikafurahi kwamba hatimaye amekua.

Asubuhi moja mama alimpa mdogo wangu chai, naye akanyoosha mkono, ukapita pembeni ya kikombe. Ndipo tukaenda hospitali. Daktari alimmulika macho yote mawili, akasema kwa ajili ya kisukari damu imekuwa ikivuja ndani ya macho kwa muda mrefu na hakuna tena cha kuokoa. Tungewahi, pengine. Akauliza, bila ukali, kwani mgonjwa hakuona dalili yoyote?

Mdogo wangu akageuza uso upande aliodhani nimesimama.

"Tulidhani ni kompyuta, daktari," akasema.

Aliyedhani hivyo nilikuwa mimi peke yangu.