Jicho la Mbwa, Jicho Langu

Mbwa wangu nilikuja naye kutoka kwetu Birongo akiwa na macho mawili. Nalisema hilo kwanza, maana watu wa ukoo wa mume wangu wakisimulia habari hii huanzia pale nilipokamata panga, wakanifanya mimi ndiye mchokozi.

Mama yangu mzazi ndiye aliyenipa mbwa huyo nilipokwenda nyumbani kumwonyesha mtoto wangu wa kwanza. Kilikuwa kijibwa cheusi chenye kifua cheupe. Alikiweka ndani ya kikapu, juu ya ndizi, akaniambia nikilishe kwa mkono wangu mwenyewe ili kisije kikamzoea mtu mwingine. Mwaka uliofuata mama akafariki. Nguo aliyonipa ilichakaa, chungu kikavunjika, na katika vyote alivyonipa mbwa ndiye pekee aliyebaki.

Tulikaa karibu na Mosocho, miaka michache baada ya wanaume kurudi kutoka vita vile vikubwa. Ardhi ilikuwa imeanza kubana na kila mtu alikuwa anazungushia boma lake ua. Kati yetu na jirani, binamu ya mume wangu, ulipandwa ua wa minyaa. Asiyeujua mnyaa ajue hili: ukikatwa hutoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia jichoni huchoma kama kaa la moto. Kwetu dawa yake ilikuwa moja tu, maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, yatiwe jichoni yakiwa bado ya vuguvugu, na upesi. Ukichelewa, jicho umelipoteza.

Jirani naye alikuwa na mbwa, mwekundu, mwenye mkia uliokatwa. Wale wawili hawakuwahi kukutana uso kwa uso, lakini walichukiana kutoka asubuhi hadi jioni. Walikimbia sambamba kutoka pembe moja ya ua hadi nyingine, huyu huku na yule kule, wakibweka na kung'ata vijiti vya mnyaa, mpaka kila upande ukawa na kijia chake kisichoota nyasi. Wangu akigeuza alipita katikati ya wimbi nililoanika uani. Nilikuwa nafagia wimbi langu kutoka mavumbini huku nasikia mke wa jirani akicheka upande wa pili.

Huyo mke wa jirani alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitano hivi. Tuliitana mke mwenzangu, kama wanavyoitana wanawake walioolewa ukoo mmoja. Yeye alizaa kila baada ya mwaka mmoja na nusu bila hata kuugua mgongo. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja ambaye alikuwa ameacha ziwa zamani, na huo ulikuwa mwaka wa nne sijapata mwingine. Sikuwahi kumwonea wivu kwa maneno, lakini alijua, nami nilijua kwamba alijua.

Sisi tulikuwa Wasabato na wao Wakatoliki. Jumamosi tulifunga nyumba tukaenda kanisani na chakula tulichopika Ijumaa, tukarudi jua limeinama. Jumapili ilikuwa zamu yao kwenda misa. Kwa hiyo kila wiki kulikuwa na siku moja ambayo yeye alibaki na ua peke yake, na siku nyingine niliyobaki nao mimi.

Jumamosi moja tuliporudi kanisani mbwa hakuja kunipokea. Nilimkuta chini ya ghala, anajisugua uso ardhini, analia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Uso wake ulikuwa umegandwa na utomvu. Nilikwenda uani nikaona. Minyaa ilikuwa imekatwa mbichi, safu nzima, si juu kama mtu anavyopunguza ua, bali chini, kwenye urefu wa pua ya mbwa. Utomvu ulikuwa bado unadondoka.

Niliimeza hasira yangu. Niliimeza, nasema, maana kilichokuwa mbele yangu ni jicho, na maziwa yalikuwa upande wa pili. Nilichukua kibuyu kidogo nikasimama uani nikamwita. Alikuja akiwa amempakata mtoto wake mchanga, anamnyonyesha vilevile alivyosimama.

"Mke mwenzangu, nisaidie," nikamwambia. "Mbwa ameingiwa na utomvu. Nipe matone tu, humu."

"Matone ya nini?"

"Ya maziwa yako."

Alinitazama, akakitazama kibuyu. "Maziwa ya mwanangu nimpe mbwa? Kwani nimezaa mbwa mimi?"

"Ni wewe uliyekata minyaa."

"Nimekata ua wangu. Sikumtuma mbwa wako aje aweke pua hapo."

"Nakuomba."

"Omba huko kwenu. Ama uzae, upate maziwa yako."

Kisha akamhamishia mtoto ziwa la pili, akaondoka zake taratibu.

Nilimwosha mbwa kwa maji, kisha kwa maziwa ya ng'ombe. Jicho la kushoto lilipona. La kulia liligeuka jeupe, likabaki hivyo. Na kama hilo halikutosha, yule mwanamke aliipeleka habari mtoni. Nilipokwenda kuteka maji mmoja wa wanawake akaniuliza kwa upole wote kama yule mwanangu wa miguu minne amekwisha kupata wa kumnyonyesha. Walicheka mpaka maji yakawamwagikia. Nilicheka nao. Nilifika nyumbani nikaketi jikoni nikalia, si kwa sababu ya mbwa peke yake.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri mpaka nilipojua nitakachofanya. Nilitaka mbwa wake mwekundu apofuke, na si jicho moja. Nilitaka aje uani na kibuyu, aniombe kitu, chochote, nami nimwache amesimama na kibuyu chake kama alivyoniacha mimi. Nilisali Sabato yangu, nikaimba, na katikati ya wimbo nilikuwa napima urefu wa pua ya mbwa yule. Sijivunii hilo, ila nikisema nililionea haya wakati ule nitakuwa naongopa.

Niliacha Jumapili mbili zipite ili asinitilie shaka. Ya tatu mume wangu alikwenda mjini Kisii, na mtoto alikuwa kwa bibi yake. Nilimwona binamu ya mume wangu na watoto wake wakubwa wakishika njia ya misa, nikaridhika kwamba wote wamekwenda. Nilichukua panga lililonolewa jana yake nikapiga magoti kwenye ua. Mbwa wote wawili walikuwa pale tayari, wananiangalia na kubweka.

Nilikata kwa raha. Sijui neno jingine. Kila kijiti kilichoanguka niliona mdomo wa mwanamke yule unafungwa. Nilikata nyingi kuliko nilivyokusudia, mpaka ua ukafunguka tundu la kumpitisha mtu. Ndipo tawi moja nene likakataa. Nililivuta kwa mkono wa kushoto huku nalikata kwa wa kulia, likakatika ghafla, likarudi likanipiga uso.

Mwanzoni ilikuwa baridi. Kisha moto ukaingia jicho la kulia, nami nikafanya kosa ambalo mtoto mdogo wa kwetu halifanyi: nikajifuta kwa mkono uleule uliojaa utomvu. Sasa yakawa macho yote mawili. Niliangusha panga nikaanza kutambaa, sijui kwetu ni wapi na kwao ni wapi. Nilipiga ukelele. Hapo nikagundua kwamba mbwa wamenyamaza. Niliwasikia karibu yangu kabisa wakinusana, wanapita kwenye tundu, huyu anakwenda kule na yule anakuja huku, hakuna hata aliyenguruma. Hata katika maumivu yale nilikasirika.

"Nani huyo?"

Ilikuwa sauti ya mke mwenzangu. Hakwenda misa. Mtoto wake mchanga alikuwa na kikohozi, naye akabaki ndani kumwangalia, wenzake wakaenda. Nilisikia mtoto akikohoa mgongoni kwake wakati anakuja.

Alisimama juu yangu. Nilijua anatazama panga, na vijiti, na mahali vilipokatwa.

"Umeingiwa na utomvu," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakata nini?"

"Ua."

"Chini namna hii? Ulikuwa unapima pua ya nani?"

Alianza kuondoka, nikasikia nyasi chini ya miguu yake.

"Ya mbwa wako," nikasema.

"Sikusikia vizuri."

"Ya mbwa wako. Nilitaka apofuke."

Alirudi. Aliketi chini, akamteremsha mtoto mgongoni, akakivuta kichwa changu akakilaza mapajani mwake. Nguo yake ilinuka moshi na makohozi ya mtoto. Nilisubiri maziwa. Hayakuja.

"Maziwa haya ni ya mwanangu," akasema, wala hakuwa na haraka. "Nilikwambia siku ile, simpi mwingine. Sasa wewe ni nani?"

Nilielewa anachotaka. Ningalikuwa naungua mkono au mguu nisingalisema, naapa. Lakini macho ni macho. Nilimfikiria mtoto wangu, na shamba, na maisha ya kushikwa mkono kupelekwa chooni na mwanamke mwingine atakayeolewa mahali pangu.

"Ni mwanao," nikasema.

"Wanangu huniita mama."

"Mama."

Ndipo akanifunua kope kwa vidole viwili akakamua. Yalikuwa ya vuguvugu. Alikamua ziwa la kulia likaisha, akahamia la kushoto, tena na tena, akinigeuza kichwa huku na huku kama anayeosha chungu. Mtoto wake alianza kulia kwa njaa. "Nyamaza," akamwambia, "ndugu yako mkubwa anaumwa." Moto ulipungua kidogo kidogo mpaka nikaona mwanga, kisha kidevu chake. Hakuwa anacheka. Ningependelea angecheka.

Baada ya wiki nilikuwa naona sawasawa. Mume wangu aliniuliza nani aliniambia nipunguze ua, nikamjibu hakuna, akapanda minyaa mingine kwenye tundu, ikakauka. Ilipandwa tena, ikakauka tena. Mbwa walipita hapo watakavyo, na kule kubweka kukaisha siku hiyohiyo, kana kwamba kilichokuwa kinawagombanisha ni ua wenyewe.

Lakini mke mwenzangu alikuwa amepata alichokitaka. Siku ya kwanza niliyotoka kwenda soko la Mosocho aliniita kutoka upande wa pili wa soko, mbele ya wauza ndizi na wauza vyungu: "Mwanangu, hujambo?" Watu wakageuka. Mimi mkubwa kwake kwa miaka mitano. Nikajibu, "Sijambo, mama." Kila soko, kila msiba, kila arusi: mwanangu, njoo ukae hapa, mwanangu, umekonda. Hakumweleza mtu yeyote sababu, na hilo ndilo lililonibana zaidi, maana watu walikuja kuniuliza mimi. Ningesema nini? Nilikuwa nampikia mume wangu ugali huku nasaga meno.

Yaliendelea hivyo karibu miaka miwili. Katika muda huo nilipata mimba, nikazaa, nikawa na maziwa yangu mwenyewe, asante Mungu. Alikuja kumtazama mtoto, kuku mkononi, akamwita mjukuu. Nilimpokea kuku.

Kisha Ijumaa moja jioni nilikuwa natafuta mbwa wangu nimpe chakula kabla ya Sabato kuingia. Nilikwenda mpaka tundu la ua. Alikuwa kwa mke mwenzangu, mlangoni mwa jiko, anakula kutoka mkononi mwake. Mbwa niliyeambiwa na mama nimlishe mwenyewe. Alikuwa amemgeuzia upande wa jicho jeupe, bila hofu hata kidogo, na yule mwanamke alikuwa anapitisha kidole juu ya jicho lile, polepole, akirudia. Sikuwahi kumwona akiwa na uso ule.

Aliinua kichwa akaniona. Nilingoja aniite mwanangu.

"Mke mwenzangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya utomvu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Siku ile maziwa nilikuwa nayo mengi. Tuyaache haya mambo sasa."

Alikuwa anaomba. Amesimama upande wake wa ua, anaomba, kama nilivyoota aombe Jumapili zile zote. Nilimtazama, nikamtazama mbwa wa mama yangu na jicho lake lililokufa kwa kukosa matone.

"Tuyaache yapi, mama?" nikamuuliza.

Alishusha macho. Nilimwita mbwa wangu, akaja, nikaenda naye. Yeye hakuniita mwanangu tena hata siku moja. Mimi nilimwita mama kila tulipokutana, sokoni, msibani, njiani, kwa adabu zote, mpaka tukazeeka, na kila mara nilimwona akinitazama jicho la kulia, kama anayelitafuta humo lile la mbwa alilolinyima matone.