Picha Zilizotupwa za Mzee Ntawukuriryayo

Déogratias wa Songo ukimwita mpiga video ananuna. Yeye ni mtu wa sinema, na ukitaka kuishi naye kwa amani umwite hivyo. Mimi ninashona nguo ukuta kwa ukuta na kile anachokiita studio, chumba kimoja chenye pazia jekundu na kompyuta inayopumua kama mgonjwa wa pumu, kwa hiyo nimeshajifunza. Harusi, komunio ya kwanza, mazishi, kuwekewa mikono kwa wachungaji: nusu ya mji wetu wa Uvira imepita mbele ya kamera yake, na nusu hiyo yote inalalamika kwamba anachelewesha kazi.

Anachelewa kwa sababu ya ugonjwa mmoja. Hapendi video iwe na sura ya video. Anasema ile sura laini mno, ya matangazo ya sabuni, inamfanya bibi harusi aonekane kama anauzwa. Sinema, anasema, ni picha ishirini na nne kwa sekunde, basi. Kamera yake, aliyoletewa na shemeji kutoka Amerika, inajua kupiga ishirini na nne, lakini inapoziandika kwenye kadi inarudia moja baada ya kila nne ili zifike thelathini, maana televisheni za huko ndivyo zinavyotaka. Kazi ya mtu wa sinema ni kuziondoa zile za kurudia. Programu za kufanya hivyo zipo za bure kwenye intaneti, na Deo alizijua kwa majina kama wengine wanavyojua wachezaji wa mpira. Nilimwambia hakuna bibi harusi wa Uvira aliyewahi kuhesabu picha.

Basi Abigaïl, ambaye sote tunamwita Mama Shalom, akaja kumpa kazi. Mdogo wake Uwacu alikuwa anatolewa mahari kule Luberizi, na baba yao, mzee Ntawukuriryayo, angeshuka kutoka milimani kupokea ng'ombe. Mama Shalom alitaka kitu kimoja tu: mzee atakaposimama kuwasifu ng'ombe, arekodiwe mwanzo mpaka mwisho. Ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wao anayejua majina ya ng'ombe, ya mama zao, na ya mama za mama zao, na hakuwahi kurekodiwa hata siku moja.

Nami nilikwenda, kwa kuwa magauni ya wasindikizaji yalitoka kwenye cherehani yangu. Vijana walicheza, wakaruka, wakainua mikono mfano wa pembe. Kisha mzee akasimama. Wapo wanaosifu ng'ombe wakikimbia huku na huku na kupunga fimbo. Huyu sivyo. Aliilaza fimbo mabegani, akaning'iniza mikono juu yake, akatulia katikati ya ng'ombe waliotulia, na midomo peke yake ikawa inafanya kazi. Alituambia baadaye kwamba ukirusharusha mikono ng'ombe anadhani unamfukuza. Deo aliiweka kamera mbali, juu ya miguu yake mitatu, akaiacha. Sikuelewa hata nusu ya maneno ya mzee, na machozi yalinitoka.

Tuliporudi Songo Deo akaingia kazini. Njia salama ya kuondoa picha za kurudia ni kuiambia programu ihesabu: katika kila tano, toa moja. Njia hiyo ilikuwa nzito kwa kompyuta yake, na umeme wetu mnaujua. Akachukua njia nyepesi. Akaiamuru programu itupe kila picha inayofanana na iliyoitangulia. Kisha akanivuta nikaone mwanzo, pale vijana wanapocheza, na kusema kweli ilipendeza. Alikuwa na furaha ya mtoto. Halafu akafanya wanachofanya wapiga video wote wa mji huu, ambao diski zao hazijawahi kuwa na nafasi: akaifuta ile ya asili, na kadi akaenda nayo kwenye mazishi ya watu wengine. Sehemu ya mzee hakuifungua. Alijisemea ataiona siku ya kuunganisha kazi yote, na kuunganisha kukangoja, kama kawaida yake.

Wakati kunangoja, milimani kukaharibika. Ng'ombe wa mzee waliporwa na kuswagwa wote, wale wa zamani na wale wa mahari. Yeye akashuka kwa miguu mpaka kwa Mama Shalom, akakaa uani kwake akiangalia chini, akawa hali chakula vizuri, akafa. Hakuugua kitu ambacho daktari angeweza kukitaja. Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, Mama Shalom akaja studio kuchukua kazi yake. Alisema watoto hawana tena ng'ombe wa kuonyeshwa, angalau wamwone koko yao, babu yao, akiwataja ng'ombe.

Deo aliniita nikae nao. Vijana wakacheza, Mama Shalom akatabasamu. Kisha akatokea mzee, na mara moja nikajua kuna kitu kimeharibika. Mkia wa ng'ombe uliruka kutoka upande huu hadi ule bila kupita katikati. Mdomo wa mzee ulikuwa wazi, ukawa umefungwa, ukawa wazi. Kwenye sauti alikuwa bado anamsifu ng'ombe wa tatu wakati kwenye picha wageni walikuwa wameshaanza kupiga makofi na kuondoka. Halafu picha zikaisha, kioo kikawa cheusi. Sauti haikuguswa na programu, kwa hiyo sauti ikaendelea. Mzee alikuwa anataja ng'ombe wake gizani, polepole, hana haraka.

Deo aliinuka kuzima. Mama Shalom akamshika mkono, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Acha, Papa Lionel. Hayamaliza."

Tukasikiliza mpaka akamaliza. Ndipo Deo akaeleza yote, la kufuta na la kadi, na hakujitetea.

"Ile yenye ulitupa ilikuwa na nini?" Mama Shalom akauliza.

"Mashine iliona hakuna kitu kinabadilika. Mzee alikuwa anasimama tu. Ikawaza ni picha moja inarudia."

"Kusimama ndio alikuwa anafanya," akasema. "Minye nilikuitia ile tu."

Hakupaza sauti. Aliomba apewe hata hiyo iliyobaki, akaaga, akaenda. Nilimchukia Deo siku ile, na nilimhurumia, na sikujua nianze na lipi. Alipata programu nyingine ya bure, ya kufufua vilivyofutwa, akaikalisha kwenye kadi siku kutwa. Ikamletea mazishi ya yule mtu mwingine, safi kabisa, kila jembe la udongo. Diski nayo ilikuwa imeshaandikwa kazi nyingine juu ya ile iliyofutwa. Ya kurudisha picha zilizotupwa hakuipata, ya bure wala ya kununua. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliitundika kamera msumarini, na wanaokuja kuomba kazi anawaelekeza kwa wenzake.

Siku ya matanga waliiwasha ile video uani kwa Mama Shalom. Deo alisimama nyuma kabisa, mlangoni. Kioo kilipokuwa cheusi, watu wazima waliinamisha vichwa, wengine wakafumba macho, kwa sababu walimjua mzee na waliweza kumwona wenyewe. Watoto ndio hawakufumba. Shalom, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni siku ile ya mahari, alisogea na kigoda chake mpaka karibu na televisheni, akakaa anaangalia weusi ule, akimngoja koko yake atokee, mpaka ng'ombe wa mwisho akatajwa.