Mama wa Mgongo Wazi na Riwaya Yangu

Katika riwaya yangu kuhusu majirani, mgongo wazi ulikuwa ishara. Mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, hutolewa nyama kiwandani, nyama ikapanda ndege, nasi tukabakiwa na huo mgongo wazi: kichwa, mifupa na mkia wa kukaanga. Basi nikaandika kwamba walio nacho hula mnofu, wasio nacho hufyonza mifupa. Nilijiona bingwa. Hata nilimliza mwuza samaki sura tatu mfululizo.

Mwuza samaki mwenyewe hukaangia langoni mwa ghorofa letu jipya, mtaani Kondele, mahali palipokuwa na vibanda vya mabati. Mimi nakaa orofa ya nne. Nilimpa nakala nikingoja kukumbatiwa.

Baada ya wiki akaniita, mwiko mkononi.

"Nyathina, mwanangu, huyu mama analialia kwa kitabu ni mimi?"

"Ni ishara tu, Mama. Anawakilisha wanyonge."

"Yawa! Mimi nalia saa ngapi? Hiyo ni moshi. Na wanyonge gani? Watu wa magari ndio wanamaliza samaki yangu kabla saa kumi!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitoa kwenye aproni karatasi aliyoazimwa na mlinzi: wapangaji walikuwa wanamtaka mwenye nyumba amwondoe langoni, kisa moshi. Walitaka awe ameondoka kufikia Ijumaa. Jina la saba lilikuwa langu, na sahihi ile ile niliyomwekea kitabuni, yenye mkia mrefu wa madaha.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mlinzi aliponiletea karatasi ile nilidhani ni mambo ya maji, nikatia sahihi bila kusoma. Mimi, ninayetafuta maana hata kwenye pazia la jirani!

Nilinunua sinia nzima ya samaki, nikapanda ngazi nikibisha mlango kwa mlango, nikiwasihi watu wafute majina. Walifuta huku wakitafuna. Karatasi ililoa mafuta hivi kwamba mwenye nyumba aliishika kwa vidole viwili, akaitupa. Mama akabaki langoni.

Jumamosi nikaenda kununua. Akanifungia kichwa kikubwa kuliko vyote.

"Hiyo kitabu nimemaliza," akasema. "Ni tamu. Lakini yule mwandishi wa huko juu, mwenye aliweka sahihi, ako ukurasa gani?"

Majirani wote nilikuwa nimewapa ishara zao.

"Hayumo, Mama."

"Haya," akasema, akigeuza samaki. "Sasa najua nani alikula mnofu."