Mrusi wa Kigwa

Mzee Wenceslaus wa Kigwa anajulikana kwa jina moja tu: Mrusi. Mbuzi wake ni mbuzi wa Mrusi, kisima chake ni kisima cha Mrusi, na ukiulizia kwa Wenceslaus watu watakuambia umekosea kijiji. Nitasimulia habari zake, lakini nisiambiwe nipunguze ukali. Sipunguzi.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Chemchem, Tabora mjini. Binti yangu Julieth ana miaka kumi na sita na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Alipokuwa kidato cha pili, mkuu wa shule yake ya bweni aliniita akaniambia nimchukue nyumbani mpaka atakapopona. Selimundu inapona kwa kulala nyumbani? Mtu mzima na shahada zake hajui hilo? Nikamchukua. Tangu hapo anasomea kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, na mtihani wa kidato cha nne ataufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Anataka udaktari. Daktari mmoja aliyemtibu wodini alisomea Urusi, na alipohamishwa alimwachia kitabu chake cha kujifunzia Kirusi. Julieth akang'ang'ana nacho. Ndugu zangu wakacheka: Kirusi cha nini, mtoto mwenyewe mgonjwa? Wacheke tu. Kilichonichoma mimi ni ofisi. Kila nilikoulizia masomo ya Kirusi walitaka barua ya mkuu wa shule. Yule yule aliyemtimua! Mwishowe kituo kimoja cha lugha Dar es Salaam kikasema kina nafasi moja ya bure kwa kijana asiye shuleni, darasa la mwaka mzima kwa intaneti. Sharti aongee kwanza na mwalimu wao, waone kwamba misingi anayo. Tukapewa miezi minne.

Kila niliyemuuliza mtu wa kumfundisha akanishangaa. Mrusi yupo Kigwa, unahangaika nini?

Basi kila Jumamosi tukawa wasafiri. Baridi ya alfajiri ndiyo inayomwamshia Julieth maumivu, kwa hiyo nilimvika masweta mawili na kumfunga khanga miguuni, tukapanda gari. Mzee alitupokea vizuri mno. Hela alikataa, akakubali asali ninayoletewa na kaka yangu kutoka Ipole. Hata jua likiwaka, yeye alivaa koti refu jeusi alilorudi nalo kutoka ng'ambo mwaka themanini na sita, akakaa wima na kufundisha. Kushukuru, akasema, ni "blagodarya". Na ukisema ndiyo, tikisa kichwa kushoto na kulia, ndivyo wafanyavyo wenyewe kule.

Jumamosi ya tatu Julieth akafungua kitabu chake. "Babu, hapa wameandika 'spasibo'."

"Hicho kitabu cha zamani," mzee akasema.

"Lakini babu, siyo neno hilo tu. Mengi hayalingani."

Nikamkatiza. Nikamuuliza, mzee ameishi kule miaka minne, kitabu kimeishi wapi? Tangu lini mtoto anamkosoa mtu mzima nyumbani kwake? Nikamwamuru apige goti aombe radhi. Akapiga goti, akaomba. Tangu siku hiyo hakubeba tena kitabu kwenda Kigwa.

Siku ya mtihani wa kile kituo tuliegemeza simu kwenye cherehani. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, Mtanzania mwenzetu. Akauliza, Julieth akajibu bila kusita. "Da," anasema, huku anatikisa kichwa kama aliyekataa uji. Mwalimu akaacha maswali. Kisha akasema kwa Kiswahili, tena kwa upole: "Binti, nani kakufundisha? Hiki si Kirusi. Hiki ni Kibulgaria."

Nafasi ikaenda kwa mwingine. Tukaambiwa tuombe tena mwakani.

Kesho yake nikaenda Kigwa peke yangu. Njia nzima nilikuwa nayapanga matusi, lipi lianze, lipi lifuate. Mzee akatokea mlangoni, na mdomo wangu mwenyewe ukanisaliti: "Shikamoo."

"Marahaba, mama Julieth. Za Tabora? Watoto? Kazi? Mvua imenyesha huko?"

Umeshamwamkia mtu, utamtukana saa ngapi? Akauliza mpaka habari za kuku. Nikajibu zote.

"Mzee, wewe ulikuwa Bulgaria," nikasema.

Akakaa chini taratibu. "Nilikuwa Bulgaria. Chuo cha kilimo. Niliposhuka stesheni watu walikuwa wameshaanza, Mrusi karudi, Mrusi karudi. Niliwasahihisha mwaka mzima. Wakasema, si huko huko tu? Nikachoka."

"Ukachoka! Na mwanangu je?"

"Wananiita Mrusi karibu miaka arobaini, mama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba niongee. Mlipokuja nilifurahi. Lugha zile ni ndugu. Nikadhani atapita."

Hapo nikamtolea yote. Nikamwambia ni mwongo, na amekula asali ya kaka yangu kwa uongo, na amemburuza mtoto mgonjwa kwenye baridi miezi minne ili apate wa kuongea naye. Aliniacha nikamaliza, ndipo akasema:

"Binti aligundua mapema. Siku ile alipofungua kitabu, aliponiuliza mara ya kwanza niliona haya, nikasingizia uzee wa kitabu. Alipouliza tena, nilikuwa karibu kumwambia ukweli. Nilishafungua mdomo. Wewe ukamwambia anipigie goti."

Nikaondoka bila kuaga. Garini nilimlaani yeye, nikamlaani mkuu wa shule, nikawalaani walionielekeza Kigwa, na kila nilipomaliza orodha nilijikuta nimebaki mimi. Nilijichukia, nasema kweli.

Nyumbani nikamkuta Julieth amelala, miguu inamuuma, kitabu kiko kifuani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wewe ndiye uliyekuwa sahihi, na mimi nikakunyamazisha," nikamwambia. "Nisamehe, mwanangu. Ni mwaka mmoja tu, utapita."

Hakuniangalia.

"Mama, kule shuleni tulikuwa wanne wenye ugonjwa huu. Sasa tuliobaki hai ni wawili. Usiniambie mwaka mmoja tu."