Kiwanja Tulichokilamba

Mimba yangu ya kwanza ilikuja na hamu ya udongo. Si ule wa pemba tu, unaouzwa kwenye maduka ya Chang'ombe pamoja na vocha na viberiti. Hata wa ukutani niliutaka. Chumba tulichopanga hukohuko Chang'ombe kilikuwa na kona nyuma ya kitanda ambako lipu ilibanduka kila mwaka na kutoa unga mweupe, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nilikuwa nainama pale nalamba. Ulikuwa na chumvi kali. Nesi wa kliniki alinigombeza, mume wangu akatishia kunifunga mikono. Walikuwa sahihi wote wawili, na sikumsikia hata mmoja.

Wakati huohuo tulikuwa tunatafuta kiwanja. Akiba yetu ilitosha kimoja tu. Tukikosea, mtoto angekulia kwenye ukuta uleule unaomeguka, na kifua cha mume wangu kilishachoka na ule unga. Basi Jumamosi moja dalali akatupeleka upande wa Chamwino.

Jamani, kile kiwanja! Tambarare, hakina hata kisiki, barabara ipo, umeme upo. Mume wangu akaanza kugawa vyumba kwa miguu: hapa sebule, hapa jiko, hapa mizabibu. Sikuwahi kumwona na furaha namna ile tangu siku ya harusi yetu.

"Bosi, hapa unajenga umefumba macho," dalali akasema.

Mimi macho yangu yalikuwa chini. Udongo ulikuwa wa kijivu, juu umefanya ganda jeupe, na mate yakanijaa mdomoni. Nikajifanya nafunga kiatu, nikaokota bonge, nikalamba.

Ukuta wa Chang'ombe! Ladha ileile, nikajua hata kabla sijameza.

Nilipoinua kichwa, ng'ombe mmoja alikuwa karibu yangu analamba ardhi hiyohiyo, tena kwa bidii kunishinda. Tukatazamana. Nyuma yake kundi zima lilikuwa linaingia kiwanjani, na mzee aliyelichunga akatusalimu kwa lugha ya kwao, "Mbukwenyi!"

"Shikamoo babu," nikamwambia. "Wanakula nini hapa, mbona majani hakuna?"

"Marahaba mjukuu wangu. Chumvi hiyo. Huwa nawaleta hapa, wanaipenda sana."

Dalali akapatwa na kikohozi cha ghafla. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, tumbo na vyote. Mume wangu hakucheka.

"Umeona wapi mtu anachagua kiwanja kwa ulimi?" alinigombeza njiani. "Kazini nikawaambie nini? Mama kijacho amekataa, anasema hakijakolea?"

"Kimekolea mno. Ndiyo shida yenyewe."

Tulipofika nyumbani nilimvuta hadi nyuma ya kitanda.

"Lamba ukuta."

"Una wazimu?"

Lakini mume wangu hawezi kuacha ubishi katikati. Akalamba. Nikafungua pindo la khanga, nikampa bonge nililolibeba kutoka Chamwino, akalamba na hilo. Akakaa kitandani. Niliona sebule, jiko na mizabibu vyote vinamtoka usoni, nikamwonea huruma kweli.

"Chumvi hiihii," akasema.

"Inapanda kutoka chini, inakula lipu. Tungejijengea chumba hikihiki."

Akanitazama, nikamtazama, na midomo yetu yote miwili ilikuwa na unga. Tukaangua kicheko mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango.

Kuanzia hapo tukawa watu wa ajabu. Kila kiwanja tulichopelekwa tulichimba shimo, tukamwaga ndoo ya maji tuone kama yanazama au yanatuama. Pale penye udongo mweusi wa mbuga hata ulimi haukuhitajika, maana nyufa zake zilimeza mguu wangu hadi kwenye kifundo. Mwishowe tukapata sehemu ya mteremko, mbali na barabara, udongo mwekundu wenye kichanga. Mwenye shamba alikuwepo, mkewe, na mwenyekiti wa kijiji. Mume wangu aliamkia kila mtu kwa adabu zake zote, kisha akapiga magoti na suruali ya ofisini na kulamba ardhi kabla yangu. Mke wa mwenye shamba akajishika mdomo.

"Hakuna kitu!" mume wangu akapiga kelele, macho yanang'aa. Nami nikaonja. Kweli, hakukuwa na kitu. Nikaomba kipande cha pili.

Tunaishi pale sasa. Barabara bado iko mbali, na mizabibu imegoma kabisa. Lakini kila mvua zikiisha, mume wangu huchuchumaa nyuma ya kitanda na kulamba ukuta, akidhani simwoni. Mwaka huu alimkuta binti yetu ameshamtangulia, ulimi nje, vumbi hadi puani.

"Baba, hakuna kitu," mtoto akamwambia kwa masikitiko.

Baba yake akamnyanyua, akazunguka naye chumba kizima akipiga vigelegele kama mwanamke wa harusini, nami nikaegemea ule ukuta mkavu nikalia kwa kucheka.