Mtungi Niliojaza Mpaka Mdomoni

Nakumbuka Jumamosi moja ya jua kali hapa kwetu karibu na Mogogosiek, nilipooga jasho kwa ajili ya mtungi wa gesi. Nakuita mwanangu, ingawa sijaota mvi hata moja. Kwetu mimi ndiye kifungua mimba, na mwenye kutangulia kukosea ana haki ya kutangulia kuonya.

Nilikuwa nimemtoa Kogo, nyanya yangu, kwenye moshi wa kuni. Kifua chake kilikuwa kinakohoa tangu mvua ya masika, na daktari wa zahanati alisema moshi ndio unammaliza. Kogo alikuwa anaogopa gesi. Alikubali kwa sharti moja tu: "Chebet, hiyo kitu ikinitisha mara moja, narudi kwa kuni zangu." Basi nikaapa moyoni kwamba haitamtisha. Kila kitu kingekuwa sawa, sawa kabisa.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Mimi ni mtu wa kuhesabu hatua, wa kurudi kuangalia kama mlango nimeufunga, halafu kurudi tena. Gesi nilijifunza mwenyewe kwa simu na daftari. Mtungi wetu ulikuwa ule mdogo wa kilo sita. Nilipoutikisa nikasikia kitu kinachezacheza ndani, kama maziwa kwenye kibuyu nusu. Nikasoma namba zilizogongwa kwenye shingo yake, nikapiga hesabu ya lita, nikagundua kwamba hata ukitoka dukani mpya haujajaa. Nikaona tumepunjwa. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini mimi niliona aibu kuuliza. Niliogopa kuonekana sijui.

Gesi ilipoisha nikaenda kwa mtu mmoja nyuma ya soko, anayejaza mitungi uani kwake. Alipindua mtungi mkubwa juu ya mdogo, akaunganisha mpira, akaacha gesi iteremke. Kila aliposema inatosha, mimi nikasema, "Ongeza. Nataka ijae kabisa." Nakiri mbele yako: yeye alitaka kuacha, mimi ndiye niliyemsukuma.

Nilipofika nyumbani nikauosha kwa sabuni, maana hata vumbi lake lilinikosesha amani. Nikauweka juani karibu na mlango wa jiko ukauke. Jua la saa saba. Mara ukaanza kufoka kwenye vali, sssss, na harufu ikanipiga puani.

Wakati huohuo Kogo akatokea jikoni. Alikuwa anaandaa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuchachusha, na mkononi ameshika kijiti cha mti wa senetwet, ncha yake nyekundu kwa moto, anataka kusugulia ndani ya kibuyu jinsi mama zetu wanavyofanya.

"Wee Chebet, hiyo kitu inalia nini?"

"Kogo, rudi! Moto! Rudi nyuma!"

Hakuuliza tena. Alirudi ndani, akatumbukiza kijiti kwenye ndoo ya maji, akamwagia moto wa jikoni maji yote yaliyobaki, akatokea mlango wa nyuma akikohoa. Nilimshika mkono tukapanda juu kwenye shamba la majani chai.

Nikampigia simu Mzee Odhiambo, karani wa kituo cha kupimia majani chai, mtu wa kutoka kandokando ya ziwa aliyezeekea huku kwetu. Alitukataza kuusogelea, akatukataza kuwasha chochote. Gesi ni nzito kuliko hewa, alisema, hutambaa chini na kujificha mabondeni, kwa hiyo tukae juu hukohuko. Tulikaa hadi kivuli cha nyumba kilipoufikia mtungi, ukapoa, ukanyamaza.

Siku ya pili alikuja na mizani yake ya kuning'iniza magunia. Akanionyesha namba ya uzito wa mtungi mtupu: kilo saba na nusu. Akautundika. Mizani ikasoma kumi na nne na nusu.

"Gunia la majani tunatoa uzito gani kwanza?"

"Wa gunia."

"Sasa toa."

Nikatoa. Saba. Hata baada ya kufoka vile, mtungi wa kilo sita ulikuwa na saba.

"Msomi wa simu," akasema Odhiambo, akicheka. "Ile nafasi uliyoona wamekuibia ni ya gesi kupanuka jua likiwaka. Hakuna mtungi hujazwa mpaka juu."

Kogo alikuwa ameketi na kibuyu chake mapajani. "Hata mimi singejaza," akasema. "Ukijaza sotet, hiki kibuyu, mpaka mdomoni, maziwa ikichacha inasukuma kifuniko, inamwagika yote. Mbona hukuniuliza, mwanangu? Unafikiri mimi najua kuni tu?"

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nilikuwa nimemtafuta mwalimu kila mahali ila kwenye kigoda cha jikoni mwetu.

Odhiambo aliupeleka mtungi kwa duka lenye leseni kule Roret, nao wakauchukua. Nilingoja Kogo aseme anarudi kwa kuni. Alisema, "Haikunitisha. Wewe ndiye ulinitisha." Leo chai yake ya asubuhi inachemka kwa gesi, na kikohozi kimemwacha alale.

Basi shika haya, mwanangu. Mtungi wa kilo sita, wa kumi na tatu, hata ule mrefu wa hotelini wa hamsini, huitwa kwa uzito wa gesi, si wa chuma. Dukani dai upimwe, toa namba ya mtungi mtupu, na ukague kifuniko cha muhuri. Usikubali kujaziwa uani. Uweke wima, penye hewa, mbali na jua na moto, na ukiunganisha paka maji ya sabuni kwenye maungio: yakitoa mapovu, funga, usiwashe. Na usilolijua, uliza kwanza nyumbani.

Mungu akujaze, mwanangu, akujazie nyumba na mifugo na watoto. Lakini asikujaze mpaka mdomoni. Akuachie nafasi ya kupumua jua likiwaka.